Chumba cha Juu Sasa Kina Joto

Rudowiec, Silesia
Novemba, baada ya Watakatifu Wote

Mdogo wangu Erwin,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha wifi yangu Silke, kisha kijana wenu Jannik, ambaye nasikia siku hizi ananyoa ndevu, na mimi shangazi yake bado namkumbuka akinyonya kidole. Natumai kifua chako kimekuacha upumue vizuri vuli hii, na goti la wifi limetulia. Sisi huku tu wazima, kwa maana kwamba hakuna aliyelazwa. Baba anakula, analala, anagombana na watu. Mimi nimechoka, lakini hiyo si habari, ungeweza kuisema mwenyewe bila kufungua bahasha.

Najua utashangaa kupata barua. Simu ipo, lakini simuni wewe kila mara uko mlangoni unatoka, na nikishasikia "haya dada, tutaongea" basi maneno yote yananirudi tumboni. Barua haina mlango wa kutokea. Kaa chini uisome, tena uisome peke yako, Silke utamsimulia baadaye. Nakwambia mapema ili usianze kubahatisha: nataka uje nyumbani Krismasi hii. Sababu yake ndefu kidogo, vumilia.

Makaburini tulikwenda kama kila mwaka. Nilimwashia Mama mishumaa, nikawasha na wa kwako kwa niaba yako, maana nimeshazoea kuwa watu wawili. Jirani yetu Gerard, yule wa njiwa, alikuwa kaburini kwa mkewe, akamuuliza Baba kama safari hii kijana kaja. Baba akasema kijana ana kazi nyingi. Gerard hajui kunyamaza, unamfahamu. Akasema njiwa wake wanapelekwa kwa lori mpaka Ubelgiji, wanafunguliwa asubuhi, na kabla ya chai ya jioni wako bandani, "na wale, Alojz, hawana hata gari." Baba akamwambia akazibe mdomo kwa udongo, upo mwingi hapo. Watu wakacheka, lakini Baba akanivuta mkono tuondoke.

Sasa habari ya nyumba. Unajua kwa simu kwamba boila la makaa ya mawe limeng'olewa na tumewekewa pampu ya joto, na paneli za sola juu ya paa. Hujui ilivyokuwa. Sheria ya moshi ilipokuja, mitaa yote hii ikaanza kubadilisha, mmoja mmoja, mpaka ikabaki dohani yetu peke yake inafuka kama mtu asiyejua kwamba sherehe imekwisha. Mama mmoja kutoka ofisi ya mji alikuja na karatasi zake na uso wake mzuri, akamweleza Baba habari ya hewa na mapafu. Baba akamjibu kwamba mapafu anayajua vizuri kuliko yeye, maana ya kwake aliyaacha nusu mgodini. Akasema makaa haya ameyafuata chini ya ardhi kwa magoti ujana wake wote, leo yanamfuata yenyewe kwa lori mpaka mlangoni kama haki ya mstaafu, halafu aambiwe ayafungie mlango? Yule mama akaondoka. Mwaka uliofuata akaja mwingine, naye akaondoka.

Nami nilikuwa wapi wakati huo? Chini ya nyumba, mdogo wangu, nikichota majivu. Tangu nibaki mjane na kurudi hapa, na tangu kifua cha Baba kikatae ndoo, kazi ya moto ilikuwa yangu, ila sifa ilikuwa yake. Alfajiri mimi nabeba ndoo, yeye kakalia kreti karibu na boila anatoa amri kama bado ni msimamizi wa zamu: makubwa chini, madogo juu, usimwage, funga mlango, fungua hewa, we Trauda unataka kuchoma makaa au kuyapikia supu? Kisha tunapanda juu, anamwambia Gerard dirishani, "Leo nimewasha mapema." Amewasha! Nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. Watu husema ng'ombe haelemewi na nunduye. Waulize kama wamewahi kumuuliza ng'ombe. Mgongo wangu umeisha, Erwin, kuna asubuhi naamka nikiwa nimejikunja na najikunjua taratibu kama karatasi.

Basi ikafika Kwaresima. Jumapili moja tuko mezani, nimepika rolada za nyama na kluski zetu za viazi na kabichi nyekundu, Baba anachovya kluski kwenye mchuzi. Mara akasema, bila kuniangalia, "Haya, leteni hilo friji lenu." Nikadhani sikusikia. Akarudia kwamba waje wang'oe boila na waweke wanachotaka, ila wafanye kabla ya baridi. Niliuliza kulikoni, akasema kula, kluski zinapoa. Niliinuka nikasingizia chumvi, nikaingia stoo nikalia. Nitakwambia ukweli kwa nini nililia. Nilidhani ameniona. Nilidhani baada ya miaka yote ile ya ndoo, mzee amenitazama siku moja nikipanda ngazi, akaona, akanionea huruma, ila mdomo wake haujui kusema. Nilitembea na furaha hiyo majira yote ya kiangazi. Nilikuwa namkatia kipande kikubwa cha keki.

Mafundi walikuja kiangazi hicho. Boila walilitoa vipande vipande, Baba akiwa amesimama na kofia mkononi kama kwenye maziko. Aliomba kile kimlango cha chuma cha mbele, akakisugua, akakiegemeza jikoni chini ya sanamu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, na kipo mpaka leo. Pampu yenyewe imekaa nje ukutani, sanduku jeupe lenye feni, inapuliza hewa baridi bustanini. Gerard alipoiona akauliza tangu lini tunagandisha maua. Kuhusu paneli, Baba alisema jua la Novemba la hapa kwetu halitoshi kumpasha paka, sembuse nyumba. Fundi mkuu, dada mmoja mcheshi, akamjibu kwamba ndiyo maana zinawekwa kiangazi, zishibe kwanza. Baba akacheka! Nikajisemea, mambo yatakwenda.

Hayakwenda. Baridi ya kwanza ilipoingia, nyumba ikawa inatuamsha meno yakigongana. Nikawa navaa koti kupika chai. Baba anaweka kiganja juu ya vile vyuma vya ukutani, unakumbuka zamani vilikuwa vinaunguza, Mama alikuwa anakausha soksi zako hapo zinatoka ngumu kama ubao? Sasa ni vuguvugu tu, kama paji la uso la mtoto mzima. Baba akasema, "Hiki kimekufa. Tumezika boila, sasa tunamzika na mrithi." Nikampigia simu yule fundi. Akaja, akakagua, mashine nzima kabisa. Akatazama kumbukumbu kwenye kile kioo cha namba, akaguna, akauliza nani huizima kila jioni.

Ni Baba. Kila jioni kabla ya kulala alikuwa anakwenda kwenye swichi na kulaza moto, kama alivyolaza moto maisha yake yote, na alfajiri anaamka kuuwasha. Fundi akamweleza kwa upole kwamba huu si moto, hauna haja ya kulazwa, chombo hiki kinafanya kazi polepole mchana na usiku, ukikizima kinaanza upya kupanda mlima na hakifiki. Vyuma kuwa vuguvugu ndivyo inavyotakiwa. Baba akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hata mchimbaji ana zamu, na kitu kisichopumzika hukifanyishi kazi, unakiua. Akaniambia baadaye kwamba yule dada ni mzuri lakini hajawahi kuwasha hata jiko la kambini. Mzoea punda hapandi farasi, mdogo wangu, na akipanda anakaa kinyumenyume.

Nikaifunika swichi kwa kibati na kukaza skrubu. Alinuna wiki nzima, lakini jikoni kukawa na joto zuri, joto la kutulia, hakuna masizi kwenye mapazia, hakuna ndoo. Asubuhi nilikuwa naamka, nakaa kitandani, sijui nifanye nini na mikono. Nilidhani tumemaliza.

Ila chumba cha Baba kikabaki baridi. Sebule nayo baridi. Yeye anakaa kwenye kiti chake na koti la mgodini na blanketi magotini, pumzi inapiga filimbi. Nikimuuliza, anasema yuko sawa. Nikadhani ni mgomo, ananikomoa kwa sababu ya kibati. Tuligombana, Erwin. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba yake, kwamba angependa tufe wote kwa baridi mradi aonekane alisema kweli. Akanijibu, "Piga kelele, kelele nazo zinapasha." Na mimi kweli nikawa nimepata joto, la hasira.

Sasa soma vizuri hapa. Siku chache baada ya makaburini nilitaka kuoka keki ya matofaa. Matofaa yetu unajua yanakaa wapi: chumbani kwako huko juu. Tangu ulipoondoka Mama alikifungia koki ya joto, kwa nini makaa yapashe chumba kisicho na mtu, kikawa ndicho chumba chetu cha baridi. Matofaa yanapangwa sakafuni juu ya magazeti na yanadumu mpaka Pasaka. Sikuwa nimepanda huko tangu nilipoyapanga Septemba. Nikapanda. Nusu ya ngazi nikasikia harufu, tamu, nzito, kama ya pombe. Nikafungua mlango, joto likanipiga usoni.

Matofaa yote yameoza. Yamesinyaa, yamekuwa kahawia, maji yake yameloanisha magazeti na kuingia kwenye mbao, na vijidudu vinaruka juu yake vikishangilia kiangazi. Koki imefunguliwa mpaka mwisho. Na katikati ya uozo huo kitanda chako kimetandikwa. Shuka safi, mto, na ule mfarishi wa manyoya wa Mama ambao mimi mwenyewe sikuruhusiwa kuutumia hata nilipokuwa na homa. Juu ya kiti taulo mbili, kubwa na ndogo. Ndogo ya Jannik, nafikiri. Kwake Jannik bado mtoto, hata kama sasa ni mrefu kuliko mlango.

Nilishuka ngazi nikipiga kelele. Nikamuuliza Baba ni nani aliyefungua koki ya juu. Akasema yeye. Nikauliza na ya chumbani kwake na ya sebuleni nani aliyezifunga. Yeye. Akanieleza kama anavyomweleza mjinga: joto ni kama makaa kwenye ndoo, ukilimwaga huku halifiki kule, kwa hiyo alifunga chini ili liende juu. Nikamwambia, Baba, sivyo linavyofanya kazi hili, linatosha nyumba nzima. Akasema hakuna kitu duniani kinachotosha nyumba nzima. Nikamuuliza alipandaje ngazi zile na kifua chake. Akasema kwa makalio, moja baada ya nyingine, nikiwa sokoni. Mzee wa watu, Erwin. Kwa makalio, na mfarishi begani.

Nikauliza kwa nini. Ndipo akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema. Akasema: "Erwin alisema moshi ukiisha atakuja. Moshi umeisha. Sasa akija akute chumba cha barafu, tutamwambia nini?"

Wewe umesahau, bila shaka. Mimi pia nilikuwa nimesahau. Ni kwenye maziko ya Mama, Januari ile, mji mzima uko chini ya moshi mweusi, na Jannik anakohoa mpaka anatapika. Mlifunga mizigo kabla chakula cha matanga hakijaisha. Mlangoni pa gari ulimwambia Baba kwamba wewe humleti mtoto tena huku mpaka tuache kuchoma uchafu huo, na moshi ukiisha mtakuja Krismasi wote. Ulisema kama mtu anavyosema akiwa na ufunguo mkononi. Kiangazi mmekuwa mkipita mkielekea Kroatia, kahawa moja, injini haijapoa. Krismasi hamkuja tena. Nami nilijua, na wewe ulijua, kwamba moshi ulikuwa sababu nzuri kwa sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Baba peke yake ndiye aliyeichukua kuwa ni ahadi. Alikaa na ahadi hiyo na makaa yake, vikapigana ndani yake miaka hiyo yote, na Kwaresima ile makaa yakashindwa.

Sitakuficha jambo. Nilisimama pale jikoni nikamuuliza, Baba, kwa hiyo hukubadilisha kwa ajili ya mgongo wangu? Akanitazama kwa mshangao wa kweli, wala hakuwa na ubaya, akasema, "Mgongo wako una nini?"

Niliketi. Nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwetu asiyekuwepo ndiye mwenye chumba chenye joto, na aliyepo anavaa koti. Iliniuma, Erwin, na bado inaniuma ninapoandika. Nilikuchukia siku hiyo kama tulipokuwa watoto na wewe ukapewa paja la bata bukini na mimi shingo. Lakini nilipomwangalia yule mzee ndani ya koti lake, midomo ya buluu, ananingojea niseme kitu, hasira ikakosa pa kukaa. Akauliza, "Kwani amesema atakuja lini?"

Na hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilimwambia umesema mkesha wa Krismasi. Nilimwambia ulipiga simu akiwa amelala, kwamba mnakuja watatu, na kwamba uliuliza kama kweli moshi umeisha, nikakwambia ndiyo, hata theluji mwaka huu itakuwa nyeupe. Uongo mtupu, nimeutunga nimesimama, na kitambaa cha vyombo mkononi. Sijawahi kumdanganya mtu yule maishani mwangu, hata aliponiuliza habari za marehemu mume wangu Joachim kabla hajanioa. Akatikisa kichwa, akasema sawa, basi inabidi kununua samaki mkubwa. Kisha akajiinua, akaenda chumbani kwake mwenyewe, akafungua koki. Akasema hana sababu ya kugandishwa, asije akamkoholea mgeni.

Tangu siku ile anakula vizuri. Amemwambia Gerard. Amemwambia padri. Matofaa nimeyatupa yote, na sakafu nimeisugua mpaka kidole kikavimba, ila harufu kidogo imebaki, nisamehe. Kila asubuhi anakwenda dirishani, anafungua kidogo, ananusa nje, anafunga, anasema, "Safi." Basi.

Sikutishi kwamba anakufa. Daktari anasema kifua ni kile kile. Sikuombi uhamie, wala sikuombi umtunze, kazi hiyo nimeizoea na sasa ni nyepesi, haina ndoo. Najua una kazi, najua barabara, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nakuomba siku mbili tu na usiku wake. Nimeshakusemea, nawe unaweza kunifanya mwongo au unaweza kunifanya mkweli, na mimi kuanzia hapa siwezi kitu. Ukitaka kutokuja, usinipigie mimi. Mpigie yeye, umtafutie sababu nyingine, maana ile ya moshi ameimaliza.

Nisalimie wifi Silke, mwambie mapishi yake ya tangawizi nilijaribu yakaniungulia, ila nitajaribu tena. Mbusu Jannik, hata kama hataki. Gerard anakusalimu kwa maneno yake, sitayaandika. Baba hajui kwamba nakuandikia, yuko sebuleni anachagua njugu za kuweka kwenye makówki, kile kitamutamu chetu cha Krismasi, mbovu anaweka kwangu.

Neno la mwisho kuhusu meza. Unakumbuka ile sahani ya ziada ya mkesha wa Krismasi, ya mgeni asiyetarajiwa, ambayo kila nyumba huku huiweka. Tangu Mama afe, Baba huiweka upande wa kiti chako, na mwisho wa chakula anairudisha kabatini mwenyewe, haniachii. Mwaka huu nitapanga sahani zenu tatu, kisha ndiyo nitaweka ile ya mgeni, upande wa pili, karibu na mlango. Nimechoka kumwona mwana wa nyumba hii akihesabiwa mgeni.

Ni mimi dada yako,
Trauda